Hendeli, Betri na Kutu: Tarehe ya Injini Iliyolazwa Majira ya Baridi

Katika nchi za kaskazini, ambako theluji hufunika ardhi tangu Novemba au Desemba hata Machi na pengine Aprili, wenye magari wa mwanzo walikuwa na desturi ambayo mtu wa mwambao wetu, aliyezoea kuona gari likifanya kazi mwaka mzima isipokuwa pale linapozuiwa na tope la masika, huenda akaistaajabia: walikuwa wakiyalaza magari yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika majimbo ya Michigan, Minnesota na Vermont, na ng'ambo ya mpaka katika Ontario na Quebec, gari lilikuwa kwa watu wengi chombo cha majira ya joto tu. Baridi ilipoingia lilisukumwa ghalani, likaondolewa maji yote ya rejeta, likainuliwa juu ya magogo ili matairi yasichukue uzito wake miezi yote hiyo, likafunikwa kwa turubai, na mwenyewe akamrudia farasi wake. Theluji ilipoyeyuka mlango wa ghala ulifunguliwa, turubai likaondolewa, na swali moja likaulizwa katika maelfu ya maghala, nalo ni hili: je, injini itazunguka?

Swali hilo halina budi kutengwa na jingine lililo jirani nalo. Injini inayozunguka bila kuwaka ina shauri lake, na shauri hilo aghalabu ni la petroli, la hewa au la cheche. Lakini injini isiyozunguka kabisa, ambayo swichi ikifunguliwa haitoi ila mlio mmoja mkavu, au haitoi hata huo, ina shauri jingine, na fundi asiyezipambanua kadhia hizi mbili anaweza kushinda kutwa akisafisha kabureta ilhali maradhi yamo katika betri. Nimechagua kusimulia habari za kadhia hii ya pili kwa sababu maarifa ya kuitambua yaliwahi kukaa katika mkono wa kila mwenye gari, kisha chombo kimoja chenye manufaa makubwa kikayaondoa mkononi humo, na yote ambayo mafundi wameyabuni tangu siku zile, taa, mita na vipimo vya namna nyingi, ni njia za kuyatafuta tena yale ambayo mkono ulikuwa ukiyajua mara tu unapogusa.

Haukuwa uvivu wala woga uliowafanya watu wale wayalaze magari yao. Barabara za vijijini hazikuondolewa theluji. Katika Vermont na majimbo ya jirani theluji ilishindiliwa kwa mapipa makubwa ya mbao yaliyovutwa na farasi, ili igande iwe sakafu ngumu ya kupitisha sleji, yale magari ya kuburuzwa yasiyo na magurudumu, na juu ya sakafu hiyo tairi jembamba la gari la mwaka 1910 lilizama au liliteleza. Magari yenyewe yalikuwa wazi, bila vioo vya ubavuni wala paa la chuma. Hata mwaka 1919 ni kama gari moja tu katika kila kumi yaliyoundwa Marekani lililokuwa limefungwa pande zote. Fauka ya hayo palikuwa na hatari ya maji. Maji yakiganda hutanuka, na yakitanuka ndani ya chuma cha kusubu hukipasua, na ufa mmoja katika kuta za silinda ulitosha kuiangamiza injini nzima. Watu walijaribu kutia chumvi ya kalsiamu, ambayo ilikula chuma na shaba. Walijaribu gliserini, na wengine hata asali. Walijaribu spiriti itokanayo na mbao, ambayo ilizuia barafu vizuri lakini ilifuka ikatoweka mara injini ilipopata moto, na dereva asiyejua kwamba imetoweka akabaki na maji matupu usiku wa baridi kali. Kwa hiyo kulilaza gari lilikuwa shauri la busara, na mawaidha yaliyotolewa kwa wenye magari wakati ule yalikuwa mazuri kiasi kwamba fundi wa leo hapunguzi mengi: mimina oili kidogo ndani ya kila silinda, izungushe injini mara chache ili oili ienee ukutani, toa betri uipeleke kwa mwenye kuitunza, na usiiache petroli kuukuu ndani ya kabureta.

Injini ya wakati huo iliwashwa kwa nguvu za mwili wa binadamu. Karl Benz, aliyepata hati ya gari lake la magurudumu matatu mjini Mannheim mwaka 1886, aliiwasha injini yake kwa kulizungusha kwa mikono gurudumu zito lililolazwa nyuma ya gari, na ndivyo alivyofanya mkewe Bertha alipolitoa gari hilo bila kumwarifu mumewe, mwezi wa Agosti 1888, akasafiri pamoja na wanawe wawili hata Pforzheim. Baada ya hapo ikaja hendeli, kipande cha chuma kilichopindwa mara mbili, ambacho kilipitishwa katika tundu la mbele ya gari na kushikana na ncha ya krenkishafti, yaani ule mtaimbo mkuu ambao pistoni zote huuzungusha. Mtu alisimama mbele ya gari, akaichelewesha cheche kwa wenzo ulio karibu na usukani, akaivuta waya ya kuziba hewa, kisha akaishika hendeli na kuivuta juu kwa ghafula.

Kazi hiyo ilikuwa na adabu zake, na aliyezidharau alipata taksiri ya mwili. Cheche ikiwahi kabla pistoni haijafika juu, injini hurudi kinyume, na hendeli nayo hurudi kwa nguvu za mlipuko; ndiyo maana mwenye ujuzi aliliweka gumba lake upande mmoja na vidole vingine, wala halikuzunguka hendeli, ili mkono ufunguke wenyewe chuma kikirudi, na ndiyo maana alivuta juu badala ya kukandamiza chini. Wengi hawakuambiwa, na wengine waliambiwa wakasahau, na mifupa ya vifundo vya mikono ikavunjika kwa wingi hata waganga wa Ulaya na Marekani wakawa wanautambua mvunjiko huo kwa kuutazama tu.

Hata hivyo mtu aliyevuta hendeli aliijua injini yake kwa namna ambayo mtu aketiye nyuma ya usukani na kubonyeza kitufe hawezi kuijua. Katika kila nusu ya mzunguko mkono ulikutana na upinzani wa hewa inayobanwa ndani ya silinda, upinzani laini wenye kurudisha. Na silinda iliyokuwa na valvu isiyoziba au ringi zilizochakaa haikupinga, na mkono ukahesabu, moja, mbili, tatu, na ya nne haipo. Oili iliyogandamana kwa baridi ilihisiwa kuwa uzito wa sawasawa usio na kilele. Kutu ilihisiwa kuwa mkwaruzo. Na injini iliyokamata kabisa haikusogea hata chembe, na mvutaji aliacha mara moja, kwa kuwa mwili wake ndio uliokuwa ukiumia. Mwishoni mwa shitaa, gari lilipotolewa ghalani, uchunguzi wote huo ulikwisha katika mvuto mmoja au miwili, kabla tone la petroli halijamiminwa.

Gari lililofundisha mambo haya kwa watu wengi kuliko jingine lolote ni Ford Model T, lililoanza kuundwa mwaka 1908 na kuachwa mwaka 1927 baada ya kuundwa zaidi ya milioni 15. Gea zake na sahani za klachi zilioga katika oili ile ile ya injini, na oili ile ikiwa nzito kwa baridi zilishikana zisiachane, hata kuivuta hendeli kukawa ni kulivuta gari zima. Injini ikiwaka hali klachi imeshikana hivyo, gari lilianza kutambaa mbele na kumsukuma aliyeliwasha, na akiwa na ukuta nyuma yake pana hatari. Wakulima wa kaskazini walipata njia: waliliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, likawa huru kuzunguka, na kwa kuzunguka kwake likasaidia kuendeleza mzunguko wa injini. Wengine waliitoa oili jioni wakaiweka karibu na jiko usiku kucha, wakairudisha alfajiri ingali moto. Wengine walimimina maji yachemkayo katika rejeta, kwani injini ile haikuwa na pampu ya maji na maji yalipanda na kushuka kwa moto wenyewe. Siwezi kuzisoma habari hizi bila kuwastahi watu wale, ambao hawakuwa wahandisi, na ambao walifahamu kwa tajiriba kwamba adui yao wa kwanza asubuhi ya baridi alikuwa unene wa oili wala si cheche.

Chombo kilichoyageuza yote kilitoka Dayton katika jimbo la Ohio. Charles Kettering, aliyezaliwa mwaka 1876, alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya National Cash Register, ambako alitia mota ya umeme katika mashine za kuhesabia fedha dukani, na huko alijifunza jambo ambalo wengine hawakuwa wamelizingatia: mota itakayofanya kazi kwa nukta chache tu kisha ikapumzika yaweza kutwishwa mzigo mara nyingi zaidi ya ule ambao ingeuchukua kutwa, kwa kuwa haipati wasaa wa kuungua. Waliodhani kwamba mota ya kuizungusha injini ya gari ingelazimu kuwa kubwa karibu sawa na injini yenyewe walikuwa wakifikiri juu ya mota ya kazi ya daima. Pamoja na Edward Deeds, Kettering aliasisi mwaka 1909 kampuni iliyojulikana kwa jina la Delco, na Henry Leland, aliyekuwa mkuu wa Cadillac, akaagiza kwao stata ya umeme. Husimuliwa kwamba Leland alisukumwa na huzuni ya kifo cha rafiki yake Byron Carter, muundaji wa magari, aliyefariki mwaka 1908 baada ya kupigwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizimika. Wanahistoria hawaafikiani juu ya tafsili za riwaya hiyo, lakini haina shaka kwamba magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yaliuzwa yakiwa na stata, kwamba hati ya uvumbuzi ilitolewa kwa jina la Kettering mwezi wa Agosti 1915, na kwamba tangu hapo hendeli ilianza safari ya kuondoka. Ford aliitia stata katika Model T mwaka 1919, mwanzoni katika magari yaliyofungwa tu na kwa malipo ya ziada katika mengineyo.

Vincent Bendix akaleta namna ya kuiunganisha mota na injini: jino dogo la gea lililokaa juu ya mtaimbo wenye mikato ya parafujo. Mota ikianza kuzunguka kwa kasi, jino hubaki nyuma kwa uzito wake, basi hupanda juu ya mikato ile mpaka linyakue meno ya flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa katika krenkishafti. Injini ikiwaka, flaiwili hulizidi mbio na kulirudisha lilikotoka. Ni ubunifu mzuri wa kupendeza, nao una ugonjwa wake wa shitaa: grisi kuukuu juu ya mikato ikiganda, jino halipandi, na dereva husikia mota ikivuma peke yake ilhali injini imetulia, au jino hupanda kwa pembe mbaya likabanwa kati ya meno ya flaiwili, na hapo mota wala injini havisogei, na dawa yake ni kulitia gari gea ya juu na kulitikisa mbele na nyuma mpaka jino liachie.

Tangu hapo mtu hakuigusa tena injini. Kati ya mkono wake na krenkishafti paliingia betri, waya, swichi, mota na jino la Bendix, na kila kimoja kati ya hivyo kiliweza kushindwa, na kushindwa kwa chochote kuliishia katika kimya kile kile. Betri ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko vyote. Gaston Planté wa Ufaransa alikuwa ameiunda betri ya risasi na tindikali mwaka 1859, na Camille Faure akaiboresha mwaka 1881 kwa kuzipaka sahani zake uji wa oksidi ya risasi. Lakini hakuna kati yao aliyeikusudia ikae katika ghala la Minnesota miezi mitano. Betri ikiachwa hupoteza nguvu yenyewe, na kadiri inavyopoteza ndivyo tindikali yake inavyogeuka kuwa maji zaidi. Iliyojaa, ambayo tindikali yake ina uzito wa kama 1.27 kwa kulinganishwa na maji, haigandi hata katika baridi ya nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri. Iliyokwisha huganda katika nyuzi 8 au 10 tu chini ya sifuri, na ikiganda sahani hupindika na sanduku hupasuka. Hata isipoganda, salfeti ya risasi iliyokaa juu ya sahani huwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiwezi kuziyeyusha. Kwa sababu hiyo miji ya kaskazini ilipata biashara mpya: maduka ya betri yaliyopokea betri za watu kila mwisho wa vuli, yakazipanga juu ya rafu zenye majina ya wenyewe, yakazichaji kwa zamu shitaa nzima, na kuzirudisha theluji ilipokwisha.

Na baridi yenyewe humdhulumu mwenye gari pande mbili kwa wakati mmoja. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri betri nzuri hutoa kama nusu tu ya nguvu zake za siku ya joto, kwa kuwa mabadiliko ya kikemia ndani yake yamepoa, na saa hiyo hiyo oili nzito hudai kutoka kwa stata nguvu maradufu au zaidi.

Desturi ya kulaza ilianza kupungua kwa ajili ya vita. Katika shitaa ya 1917 na 1918 jeshi la Marekani lilihitaji kupeleka malori kutoka viwanda vya magharibi hata bandari za Atlantiki, na reli zilikuwa zimelemewa, basi malori yalipelekwa kwa magurudumu yao wenyewe, na jimbo la Pennsylvania likaifagia theluji katika barabara ya Lincoln Highway juu ya milima ya Allegheny ili misafara ipite. Jambo lililodhaniwa haliwezekani likaonekana linawezekana, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Kufikia mwaka 1927 magari yaliyofungwa yalikuwa zaidi ya manne katika kila matano yaliyoundwa Marekani, na mwaka huo huo ikauzwa Prestone, yaani glaikoli ya ethilini, ambayo haifuki kama spiriti wala haili chuma kama chumvi. Oili nyepesi za baridi zikaja katika miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili zikaja zile zinazobaki nyepesi asubuhi na kuwa na nguvu mchana. Mjini Grand Forks katika North Dakota, Andrew Freeman alipata mwaka 1949 hati ya hita ya umeme iliyochukua mahali pa bolti moja ya kichwa cha injini, na mpaka leo mgeni afikaye Winnipeg au Saskatoon, na wamo wasemao Kiswahili kati ya wageni hao, huona ncha ya waya wa umeme ikining'inia mbele ya magari, tayari kuchomekwa ukutani.

Lakini vita vingine viliyalaza magari kwa nguvu kuliko theluji yoyote. Uingereza ilianza kugawa petroli kwa kipimo mwezi wa Septemba 1939, na Julai 1942 ikaondoa kabisa kipimo cha watu binafsi, wala hakikurudishwa mpaka Juni 1945. Magari ya raia yalikaa juu ya magogo miaka mitatu, katika vibanda vyenye unyevu, na mengi yalilazwa na watu waliokuwa na haraka ya kwenda vitani, wasiomimina oili katika silinda. Yalipofunguliwa, mafundi walijifunza kwa wingi somo ambalo shitaa ya kawaida hulifundisha kidogo kidogo, nalo ni somo la kutu.

Petroli ikiungua huzaa maji. Lita moja hutoa mvuke ambao ukipozwa huwa maji karibu kiasi hicho hicho. Injini ikipata moto barabara, mvuke huo hutoka wote. Ikiwashwa dakika chache tu na kuzimwa, maji hubaki ndani, yakachanganyika na oili, yakakaa juu ya kuta za silinda. Kwa sababu hiyo siafiki desturi ya wale ambao, kwa mapenzi mema, huliwasha gari lililolazwa kila juma kwa dakika tano katikati ya baridi: wanaitia injini maji wala hawayaondoi. Injini ikisimama, daima kuna silinda ambayo valvu yake imesimama wazi, na kupitia hapo hewa yenye unyevu huingia na kutoka kadiri joto la mchana na baridi ya usiku vinavyobadilishana. Silinda hiyo ndiyo itakayopata kutu kwanza, na ringi zake za chuma zitashikana na ukuta wa chuma, mahali pamoja pembamba penye upana wa ringi, na mahali hapo padogo pakatosha kuizuia injini yote. Fundi mjuzi aliyeona silinda tatu safi na ya nne imegeuka rangi ya udongo hakushangaa. Alijua ni valvu gani iliyokuwa wazi siku gari lilipozimwa.

Ajabu ni kwamba barabara zilipokwisha kufunguliwa, dawa ya kuzifungulia ikaleta sababu mpya ya kulaza. Jiji la Detroit lilimwaga chumvi barabarani mwaka 1940, na New Hampshire ikawa jimbo la kwanza kuifanya chumvi kuwa desturi ya jimbo zima katika shitaa iliyofuata. Na chumvi hiyo, iliyoyeyusha barafu, ilianza pia kuyala magari toka chini. Mtu mwenye gari alipendalo, la kale au la fahari, akalirudisha ghalani, si kwa kuwa haliwezi kupita, bali kwa kuwa njia safi ina madhara kuliko njia chafu. Ujerumani hata ikatoa tangu mwaka 1997 namba za gari zenye miezi iliyoandikwa pembeni, ili mwenye gari alipe kodi na bima ya miezi ile tu ambayo gari liko barabarani. Kwa hiyo swali la mwaka 1910 bado linaulizwa kila Aprili.

Fundi anayeulizwa leo huanza na taa. Huziwasha za mbele, kisha hupiga stata, na kuzitazama. Zikibaki na mwanga wao wote na pasiwe na sauti, umeme haufiki kwenye mota: swichi, solenoidi au waya imekatika. Mota ikivuma na injini isisogee, ni jino la Bendix au ndugu zake wa sasa. Zikififia hata kuzimika, hapo ndipo mtihani ulipo, kwa kuwa hali tatu zilizo mbali mbali huzaa dalili moja: betri imekwisha, au betri ni nzima na vichwa vyake vimefunikwa na ule unga mweupe au wa kijani uzuiao umeme, au betri na waya ni vizima na injini imekamata, basi mota inafyonza umeme wote wala haiwezi kugeuka.

Mita husaidia sehemu ya njia. Betri ya volti 12 iliyopumzika ikionyesha 12.6 imejaa, ikionyesha 12 imekaribia kwisha. Na ikianguka chini ya kama 9.6 wakati stata inapopigwa, haifai au imelemewa. Ncha moja ya mita ikiwekwa juu ya nguzo ya betri yenyewe na nyingine juu ya kishikio cha waya, wakati stata inapopigwa, mita isionyeshe karibu chochote. Ikionyesha volti, umeme unapotea hapo hapo katika unga, na maji ya moto yenye magadi pamoja na brashi ya waya ndiyo tiba. Wenye magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 wana hadhari ya ziada, kwa sababu mengi ya Marekani yalikuwa ya volti 6, na kwa kazi ile ile volti 6 hudai mkondo maradufu. Mtu aliyebadilisha waya zake nene za asili akatia nyembamba za gari la kisasa atakuwa na stata mvivu milele, hata anunue betri ngapi.

Lakini mita haisemi kama injini imekamata. Hapo hakuna hila inayoushinda mkono, na ndiyo sababu sikubaliani na haraka ya wale wanaoleta gari jingine na nyaya nene za kuazimia umeme mara tu stata inaponyamaza. Umeme mwingi ukimiminwa katika mota isiyoweza kugeuka huunguza mota. Na ikiwa silinda imejaa maji yaliyovuja kwa gasketi, au petroli iliyoshuka kutoka kwa kabureta, kimiminiko hakibanwi, na nguvu ile hupinda mkono wa pistoni. Kulivuta gari kwa kamba likiwa ndani ya gea ni hatari zaidi. Magari ya sasa hayana tundu la hendeli, ambalo Land Rover za zamani, zilizojulikana sana kwetu, zililihifadhi kwa miaka mingi. Lakini mengi yana bolti kubwa katika ncha ya mbele ya krenkishafti. Plagi zote zikitolewa, hewa haina pa kubanwa, na spana ndefu ya kiasi ikitiwa juu ya bolti hiyo na kuvutwa upande ambao injini huzunguka, mtu hupata jawabu ambalo babu yake alilipata kwa hendeli. Ikigeuka kwa ulaini, kosa ni la umeme. Ikigeuka kidogo na kugota, ikarudi na kugota upande wa pili, kuna kitu kimekaa ndani ya silinda au jino la stata limenasa. Isiposogea kabisa, ni kutu.

Na kutu haitaki nguvu. Mafundi wa mashamba ya Ontario walimimina mafuta ya taa na oili nyepesi katika kila tundu la plagi. Wa leo huchanganya oili ya gea za otomatiki na asetoni. Wote wawili huacha dawa ikae siku kadhaa, wakiiongeza inapopungua, kisha hujaribu spana kidogo upande huu na kidogo upande ule, bila kurefusha mpini kwa bomba, kwani bolti hukatika na ringi huvunjika kabla kutu haijaachia. Injini ikisogea upana wa kidole, hurudishwa ilikotoka na kutiwa dawa tena. Ikiisha kufanya mzunguko mzima, hufunguliwa kifuniko cha juu ili kutazama kama kila valvu inarudi mahali pake, kwa kuwa valvu iliyonasa ikikutana na pistoni hupindika. Ndipo oili chafu yenye maji na dawa humwagwa, mpya ikatiwa, na stata ikapigwa plagi zikiwa bado nje, mpaka geji ya oili ipande.